Koki ya Nusu Inchi

Hapana kitu nyumbani kiguswacho mara nyingi kwa siku, na kusahauliwa upesi, kama koki ya jikoni. Mtu huifungua asubuhi na usingizi ungali machoni, akanawa, akaifunga, akaenda zake. Wala hafikiri ni kitu gani kimeyazuia maji yasimfuate. Siku ianzapo kuvuja, ndipo ajuapo kuwa alikuwa na mlinzi jikoni, na ya kuwa mlinzi huyo amechoka.

Katika mji wa Dar es Salaam alikuwako bibi mmoja, mshoni wa nguo, aliyekaa na binti yake na wajukuu watatu. Mjukuu wa kwanza alikuwa mvulana wa darasa la sita, hodari wa hesabu, naye alipenda kujulikana hivyo. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mnara mfupi wa matofali, na juu ya mnara tangi la plastiki la lita 500. Maji ya mji yaliingia tangini kwanza, ndipo yakashuka kwa bomba la chuma mpaka jikoni, kwenye koki iliyotokeza ukutani juu ya sinki.

Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, mvua zilichelewa, na mto Ruvu ukapungua sana. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Basi hapakuwa na budi ila watu wapewe maji kwa zamu. Mtaani kwa bibi yule maji yalikuja usiku wa Jumatano na usiku wa Jumamosi, basi. Aliyekosa zamu yake alingoja zamu nyingine, au alinunua maji ya mkokoteni kwa bei aliyotajiwa na mwenye mkokoteni.

Ni katika siku hizo koki ya jikoni ilipoanza kutoa matone. Mwanzo yalikuwa machache, na binti wa nyumba aliyakinga kwa beseni na kuoshea vyombo. Lakini usiku beseni lilijaa likamwagika, na watu wamelala. Mvulana akaona hapa pana hesabu ya kufanywa. Akachukua kikombe cha robo lita, akakiweka chini ya koki, akaitazama saa. Dakika 15 hazijapita sana, kikombe kimejaa. Akaandika: kwa saa moja, lita 1, kwa siku moja, lita 24, tokea Jumamosi mpaka Jumatano, siku nne, lita 96. Akampelekea bibi yake karatasi.

"Bibi, haya ni karibu madebe matano. Tunayabeba maji mpaka juu ya mnara ili yapotee jikoni."

Bibi akaisoma karatasi, akaikunja, akaitia katika sanduku la cherehani pamoja na karatasi za vipimo vya wateja wake.

Koki ya namna ile ni chombo cha akili, ingawa si kigumu kukielewa. Ndani yake mna tundu, na ukingo wa tundu huitwa kiti. Juu ya kiti hukaa kipira cha mviringo, ambacho mafundi hukiita washa. Mtu azungushapo mkono wa koki, parafujo hushuka na kukikandamiza kipira juu ya kiti, na maji hukosa njia. Koki za parafujo za namna hiyo zilipata hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1845, kutoka kiwanda cha shaba cha Guest and Chrimes katika mji wa Rotherham, na mpaka leo nyumba nyingi zina koki zifanyazo kazi vivyo hivyo. Mara nyingi ivujapo, ugonjwa ni wa kipira tu, na kipira kipya huiponya kwa fedha kidogo. Atupaye koki nzima kwa sababu ya kipira ni kama atupaye shati kwa sababu ya kifungo. Lakini koki hii kipira chake kilikuwa kimebadilishwa mara mbili mwaka ule, na matone yakarudi. Kiti chenyewe kilikuwa kimeliwa na mchanga na maji, kikawa na pengo dogo upande mmoja. Kiti kikiisha kuharibika hivyo, kipira hakina pa kukalia.

Fundi wa mtaa alikuwa ameitwa. Akasema atakuja kesho. Kesho ile ikazaa kesho nyingine, wala si kwa ubaya, kwa maana siku zile kila nyumba ilitaka kufungiwa tangi, na mafundi hawakutosha. Basi jioni moja bibi akasema, "Tutaibadilisha wenyewe."

Binti yake akacheka. Jirani aliyesikia dirishani akasema, "Hiyo ni kazi ya fundi, bibi."

"Na cherehani yangu," akajibu, "miaka 30 imeharibika mara ngapi, na fundi wake ni nani?"

Jirani hakuwa na la kusema, kwa kuwa nguo zake za sikukuu zilishonwa kwa cherehani ile ile.

Bibi hakuanza na koki. Alianza kwa kutafuta mahali pa kuyafungia maji, kama mtu avukaye mto atafutavyo kwanza kivuko. Chini ya tangi palikuwa na valvu yenye gurudumu dogo jekundu. Akalishika, akalizungusha, halikwenda. Valvu ile ilikuwa haijaguswa tangu siku ilipofungwa, na kutu ilikuwa imeishika. Kijana wa jirani, mwenye nguvu na haraka, akaja na kipande cha bomba ili akishindilie gurudumuni na kulilazimisha.

"Shikamoo, bibi. Niachie mimi, dakika moja tu."

"Marahaba, mwanangu. Ikivunjika mkononi mwako, maji yote yaliyo juu yetu utayazuia kwa nini?"

Kijana akatazama juu, akaliona tangi, akaweka bomba lake chini.

Bibi akaenda mpaka kwenye mita, mbele ya nyumba. Huko palikuwa na valvu nyingine, nayo ikazunguka vyema. Lakini hiyo ilizuia maji ya mji tu, wala haikuyazuia yale yaliyokwisha kuingia tangini. Akafikiri usiku mmoja. Asubuhi akatoa shauri: Jumamosi, siku ya zamu, watayatoa maji yaliyobaki tangini na kuyaweka katika madebe, masufuria na pipa, tangi likiwa tupu, wataifungua koki kuukuu na kutia mpya, kisha usiku maji yatakuja na kulijaza tangi. Shauri lilikuwa jema, ila lilikuwa na upande wa hatari. Kama kazi haijaisha maji yajapo, itakuwa lazima kuyafunga kwenye mita, la sivyo yatashuka kutoka tangini na kumwagika jikoni kwa tundu lililo wazi. Na wakiyafunga, zamu imewapita, na watu watano watakaa mpaka Jumatano kwa maji ya madebe na pipa.

Jumamosi ilipofika, saa tatu asubuhi, tangi lilikuwa tupu. Bibi akaazima spana ya kurekebisha mdomo, akaizungushia koki kitambaa ili meno ya spana yasiteleze, akaisukuma kwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Koki haikutikisika. Akatia mafuta ya taa kidogo pale ilipoingia ukutani, akakaa akangoja, akanywa chai. Watu wengi huvunja vitu katika nafasi ile ambayo wengine hunywa chai. Aliposhika spana mara ya pili, akasukuma polepole kwa uzito wa mwili, wala si kwa kushtua, koki ikalia, ikalegea, ikatoka nzima. Bibi akaangalia ndani ya tundu kwa kurunzi, maana huogopwa kwamba hesi ya zamani itakatika na kubaki ukutani. Haikukatika. Akalisafisha tundu kwa mswaki uliochakaa, na kutu nyekundu ikaanguka sinkini.

Hesi ni ile mifuo izungukayo mwisho wa koki, ambayo huingia katika mifuo ya bomba na kushikana nayo. Mvulana akachukua rula yake ya shule, akapima upana wa hesi: milimita 21. Akapiga hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Nusu inchi, basi, ni 12.7, robo tatu ni 19 na kidogo. "Bibi, 21 ipo karibu na robo tatu. Tununue ya robo tatu."

Bibi aliiamini hesabu ya mjukuu wake. Wakaenda katika duka la vifaa lililo karibu, wakanunua koki nzito ya shaba ya robo tatu inchi na tepe nyeupe ya mafundi, wakarudi saa saba mchana wakiwa na furaha. Bibi akaisogeza koki mpya kwenye tundu la ukutani. Haikuingia. Ilikuwa nene kuliko tundu, wala hapakuhitaji fundi kuliona hilo.

Mvulana akachukua rula, akapima tena hesi ya koki kuukuu. Milimita 21. Akapima hesi ya mpya. Milimita 26 na zaidi kidogo. Akatazama karatasi yake. Hesabu ilikuwa sawa, kila mstari. Na koki haiingii. Uso ukamwiva, akatoka akakaa nyuma ya mnara.

Bibi akamfuata. Hakumkemea wala hakumbembeleza. "Nyanyuka, mjukuu wangu. Duka la hapa limekwisha kufungwa. Twende Kariakoo, na safari hii tuichukue koki yenyewe."

Hilo lingalifaa tokea asubuhi. Rula hupima vizuri, lakini haijui desturi za mafundi. Koki iliyoshikwa mkononi haihitaji kuelezwa.

Daladala ilikwenda mwendo wa kobe. Huko Kariakoo muuza vifaa alikuwa mzee mwenye miwani, naye alipoitikia salamu ya mvulana na kuitazama koki kuukuu hata punje ya wakati, akasema, "Nusu inchi."

"Lakini, mzee," mvulana akasema, na sauti yake ilitetemeka, "ina milimita 21. Nusu inchi ni 12.7."

Mzee hakucheka. Akachukua kipande cha bomba la chuma, akamwonyesha mwisho wake. "Jina hili si la unene wa nje, mwanangu. Ni la tundu la ndani, mapitio ya maji. Mabomba ya chuma ya zamani yaliitwa kwa upana wa tundu, na hesi ilikatwa nje ya chuma. Ndiyo sababu hesi ya nusu inchi ina milimita 21, na ya robo tatu ina 26. Siku hizi bomba laweza kuwa jembamba au la plastiki, na jina limebaki lile lile. Wewe umepima nguo ya mtu, ukadhani umempima mwenyewe."

Bibi, kwa kuwa ni mshoni, alilipenda neno hilo.

Mzee akamwambia na jambo jingine. Akamwambia ahesabu hesi katika inchi moja ya urefu, naye angepata 14. Ndivyo zilivyo hesi za bomba la nusu inchi za kipimo hiki popote ziuzwapo, na kwa sababu hiyo koki iliyotengenezwa nchi moja huingia katika bomba lililotengenezwa nchi nyingine. Haikuwa hivyo zamani. Kila karakana ilikata hesi kwa namna yake, na parafujo ya fundi mmoja haikuingia katika kazi ya fundi mwenziwe. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba hesi zote zifuate kipimo kimoja, na hesi za mabomba zitumikazo Afrika Mashariki ni uzao wa kipimo chake.

Walipokuwa wakilipa, mzee akauliza, "Mama, mbona hukununua na kizibo?" Akaweka mezani kizibo kidogo cha chuma chenye hesi ya nusu inchi. "Kazi ikikushinda leo, zibia tundu la ukutani kwa hiki, maji yaje, tangi lijae. Ukose koki, usikose maji." Bei yake ilikuwa ndogo mno kuliko wasiwasi aliokuwa nao bibi tangu asubuhi. Akakinunua, na njiani alikuwa akikishika mfukoni mara kwa mara.

Walifika nyumbani saa kumi na nusu. Sasa ikaja kazi ya tepe. Mabomba ya chuma hayashikani kabisa hesi kwa hesi. Hubaki njia nyembamba ambayo maji huipata. Mafundi wa zamani walizijaza njia hizo kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi. Tepe nyeupe ya siku hizi ni ya plastiki laini iliyogunduliwa kwa bahati Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett, alipokuwa akitafuta gesi ya kupozea majokofu. Plastiki iyo hiyo hupakwa vikaangoni ili chakula kisigande.

Bibi akaizungusha tepe juu ya hesi, akaitia koki tunduni, na tepe ikajikunja na kutoka kama ganda la ndizi. Akaitazama, akaguna. "Nimeizungusha kinyume. Uzi wa bobini ukitiwa kinyume hufanya hivi hivi." Akaivua yote. Akaigeuza koki hata mwisho wa hesi ukamtazama yeye, akazungusha tepe kwa njia ya mishale ya saa, akiivuta ili ilale katika mifuo, mara nane. Safari hii, koki ilipozungushwa kuingia, tepe ilizidi kukazwa badala ya kufunguliwa.

Akakaza kwa mkono, kisha kwa spana. Koki ikawa imara, lakini mdomo wake ulitazama kando. Akasukuma tena, ukapita chini, ukatazama upande wa pili. Basi akairudisha nyuma kidogo, mdomo ukasimama sawa, ukapendeza macho.

Maji ya mji yalikuwa hayajaja, na bibi hakutaka kungoja usiku ili ajue. Akamtuma mvulana apande ngazi na debe moja, alimimine tangini. Maji yakashuka. Bibi akaifungua koki, yakatoka mekundu kwa kutu, kisha yakatakata. Akaifunga, na mdomoni hapakutoka hata tone. Wote wakashangilia. Bibi peke yake hakushangilia. Alikuwa amekipangusa kiungo cha ukutani, akakizungushia ukanda wa karatasi kavu ya kukatia vielelezo vya nguo, naye alikuwa akiitazama karatasi. Ikaingia doa. Doa likatambaa.

Kosa lilikuwa pale aliporudisha nyuma. Tepe ikiisha kukandamizwa hujaza mifuo. Koki ikirudishwa hata kidogo, njia ya maji hufunguka tena. Ndiyo sababu fundi akipita mahali alipopataka hairudishi: huitoa, akaanza upya. Bibi hakuambiwa hayo na mtu. Karatasi ndiyo iliyomwambia. Binti yake akasema, "Mama, ni tone dogo sana, liache."

"Lile la kwanza nalo lilikuwa dogo," bibi akasema.

Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu, na jua limekuchwa. Wakaikinga lita za debe walizoweza, tangi likawa tupu tena. Bibi akaitoa koki, akaisafisha hesi kwa sindano, akakiweka kizibo juu ya ukingo wa sinki, karibu na mkono. Akasema, "Nafanya mara moja. Mdomo ukipita tena, natia kizibo." Mvulana alimshikia kurunzi. Safari hii alizungusha tepe mara 12, koki ikawa nzito mapema, na kila robo ya mzunguko alisimama akaangalia mdomo. Ukakaribia. Akaongeza kidogo. Ukasimama, umetazama chini, wala hakuugusa tena.

Debe likamiminwa mara ya pili. Karatasi ikazungushwa kiunganoni. Wakakaa kimya, watu watano jikoni, wanaitazama karatasi kama watu watazamao mwezi wa kuandama. Ikabaki kavu.

Usiku, saa mbili kasoro, bomba likakohoa, na maji yakaanza kuingia tangini. Wakubwa wakalala. Mvulana akaamka mara mbili, akaenda jikoni gizani, akashika kiungo kwa kidole. Kisha akakiweka chini ya koki kile kikombe cha robo lita, na alfajiri akakikuta na vumbi lake.

Koki ya robo tatu ilirudishwa dukani siku ya Jumatatu, ikapokewa. Ile valvu ya chini ya tangi haikubadilishwa, kwa maana siku ile wakati na fedha havikutosha. Ingali imeshikwa na kutu, na bibi ameiandika katika kitabu chake cha madeni.

Juma lile lile jirani wa dirishani akaja na koki yake mwenyewe, ameifunga katika kanga kama mtoto mgonjwa. Bibi alikuwa anashona, mguu u juu ya kikanyagio, akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. Mvulana akaipokea koki, akatoa rula, akapima hesi.

"Milimita 26," akasema. "Hii ni robo tatu. Lakini uichukue mkononi uendapo dukani."